Kivinjari Kilichotangulia: Tatizo la Programu Mbadala Kibera na Kawangware

Kivinjari ni programu ambayo kwayo mtumiaji hufungua kurasa za intaneti. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft iliiambatisha Internet Explorer na mfumo wa Windows, hata mnunuzi wa kompyuta akaipata bila kuiomba. Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo mwaka 1998. Hata hivyo, Firefox ilipotolewa bure mwaka 2004, wengi hawakuigusa.

Sababu zinaonekana wazi katika saiba za Kibera na Kawangware. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya mwendo wa kobe. Mteja alilipa kwa dakika. Kupakua programu kulimaanisha kulipia kusubiri; na hata angeipakua, kompyuta si yake, kesho angeketishwa mbele ya nyingine. Mwenye saiba naye hakuona faida ya kubadilisha, maana kwa mgeni wa kompyuta ile 'e' ya samawati ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe. Kwa hiyo kitu cha bure kilikuwa na bei, na bei hiyo ilimwangukia asiye nacho.

Simu ndiyo iliyogeuza mizani. Opera Mini, iliyosambazwa duniani kuanzia mwaka 2006, huzipitisha kurasa katika seva zake na kuzibana kabla ya kuzifikisha simuni, hivyo bando dogo hudumu. Mtumiaji aliona shilingi ikibaki mfukoni. Ubora pekee usingemshawishi. (Wataalamu wa programu hulisahau hili mara nyingi mno.) Kisha Android ikaja na Chrome ndani yake. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya zaidi ya yuro bilioni 4, sababu mojawapo ikiwa uambatishaji huo.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo. Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa ya bure na ya Kiswahili fasaha, lakini ilikuta kompyuta zimekwisha kujazwa programu za Kiingereza. Leo simu nyingi zina Kiswahili ndani. Aghalabu humfikia mnunuzi zikiwa katika Kiingereza, na njia ya kukifikia Kiswahili hicho imeandikwa kwa Kiingereza.