Mpunga wa Same, chumvi ya Pangani

Mpunga wa Ndungu, wilayani Same, humwagiliwa maji ya Milima ya Upare. Yanayobaki huingia mto Mkomazi, kisha mto Pangani hadi Bahari ya Hindi.

Utafiti wa bonde hilo uliofanywa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini, na hasara huwaangukia wakulima na wavuvi wa Pangani.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza mahitaji ya binadamu na mazingira, biashara hufuata. Hivyo, anayetaka kutia mtaji katika shamba la umwagiliaji Same aulizie kwanza kibali cha maji, ndipo aulizie bei ya gunia.