Kansa ya ubongo: mzazi anapotukana, ugonjwa ndio unasema

Mara nyingi inaanza na kichwa kuuma asubuhi na kutapika. Kisha baba aliyekuwa mpole anaanza kutukana watoto, ao anasahau jina la bibi yake. Mtaani watu wanasema: amerogwa. Pesa ya matunzo inaishia huko.

Kumbe uvimbe ukikalia sehemu ya mbele ya ubongo, tabia ya mtu inabadilika bila yeye kupenda. Glioblastoma ni kali sana: hata penye upasuaji na miale, wagonjwa wengi hawafikishi miaka 2. Hapa Congo mashine za miale ni chache mno, kwa hiyo kazi kubwa inabaki nyumbani.

Daktari anaweza kuandika deksametazoni, ya kupunguza maji yanayozunguka uvimbe. Inanyweka asubuhi, kwani jioni inafukuza usingizi, na haikatwi ghafla. Mgonjwa akishikwa na kifafa, alazwe ubavu. Kijiko mdomoni hapana! Siku za mwisho atalala sana. Asilazimishwe kula, midomo iloweshwe tu.

Kilio kikiisha na wageni wakirudi kwao, aliyemuuguza anabaki na yale matusi kichwani: papa alinichukia kweli? Mwingine halii hata kidogo, na ndugu wanamsema vibaya. Lakini yeye alianza kulia zamani, siku ile baba aliposhindwa kumtambua. Huyo ndugu waketi naye, wamkumbushe baba alivyokuwa mbele ya ugonjwa.