Nuru iliyotangulia mashoka ya Kariandusi

Katika eneo la makumbusho la Kariandusi, karibu na barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, mashoka ya mkono yangali yamelala kwenye tabaka za udongo zilizoyafunika. Mengine yalichongwa kutoka lava ya kijivu. Mengine ni ya obsidiani, kioo cheusi cha volkano chenye makali ya kuchuna ngozi ya mnyama bila taabu. Walioyatengeneza waliishi hapa kati ya miaka 700,000 na milioni 1 iliyopita, kando ya ziwa lililokuwa kubwa na lenye kina kuliko Elmenteita ya leo.

Mgeni akitajiwa umri huo hunyamaza kidogo, na ana haki. Hata hivyo, usiku wa Desemba, ukisimama papo hapo ukatazama kaskazini, utaona waa hafifu ambalo nuru yake ilianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita. Wakati huo hakuna aliyekuwa amechonga shoka la aina hii popote duniani. Ya zamani sana kupatikana Kenya, yale ya Kokiselei magharibi mwa Turkana, yana umri wa miaka milioni 1.76. Waa hilo ni galaksi ya Andromeda, na kwa watu wengi ndicho kitu cha mbali kuliko vyote wanavyoweza kuviona bila darubini.

Tarakimu za anga huwashinda watu kwa sababu hazina pa kushikia. Naamini sisi wa Bonde la Ufa tunapo. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashoka ya Kariandusi anajua miaka milioni moja ni nini, na anayejua hivyo amekwisha kupata kipimo cha kuanzia kupimia galaksi.

Nuru husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachojulikana kuipita. Kutoka Mwezini hutufikia kwa sekunde 1.3, na kutoka kwenye Jua kwa dakika 8 na sekunde 20. Umbali inaokata kwa mwaka mzima, takriban kilomita trilioni 9.46, ndio tunaouita mwaka wa nuru. Chukua Kilimia, nyota ambazo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wamezitazama tangu zamani ili kujua majira ya kupanda. Ziko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi. Maana yake ni kwamba ziko mbali kiasi hicho, na pia kwamba tunaziona zilivyokuwa kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1593. Huko angani umbali na wakati haviachani.

Na nafasi iliyopo kati ya nyota na nyota? Weka punje ya mahindi pale Kariandusi na useme hilo ndilo Jua. Dunia itakuwa chembe ya vumbi iliyo hatua moja kutoka kwenye punje. Nyota jirani, Rijili Kantori, ambayo vitabu vingi huiita Alpha Centauri, itakuwa Arusha. Kwa zaidi ya kilomita 300 njiani hukuti punje nyingine. Kwa kipimo hicho hicho galaksi yetu nzima ingekuwa na upana wa kilomita milioni 7.5, karibu mara 20 ya umbali halisi wa kutoka hapa hadi Mwezini.

Watu huuliza kama siku moja tutasafiri kwenda galaksi nyingine. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, ndicho kilichofika mbali kuliko vyombo vyote vya binadamu, na kinakwenda kilomita 17 kila sekunde. Tuseme mchonga mashoka wa Kariandusi angekirusha yeye, miaka milioni moja iliyopita, na kisisimame hata mara moja. Leo kingekuwa kimekata miaka ya nuru 57. Kisingekuwa kimeufikia hata umbali wa Dabarani, ile nyota ya rangi ya chungwa inayofuata nyuma ya Kilimia, iliyo umbali wa miaka ya nuru 65. Galaksi yetu ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Swali la safari nimelijibu hapo.

Galaksi yenyewe ni nini basi? Ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi, unaoshikwa pamoja na nguvu ya uvutano. Yetu, Njia Nyeupe, ina nyota kati ya bilioni 100 na 400, imetandazika bapa na mikono yake imejizungusha. Jua liko miaka ya nuru 26,000 kutoka katikati na huzunguka kitovu hicho mara moja kwa miaka milioni 230 hivi. Katikati pana shimo jeusi lenye uzito wa Majua milioni 4, ambalo picha yake ilitolewa Mei 2022. Ukitaka kujua liko upande gani, toka nje mwezi Julai saa tatu au saa nne usiku, utafute kundinyota la Mshale. Bonde letu liko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo sehemu hiyo ya Njia Nyeupe hupanda juu sana na ukungu mweupe wa nyota hujaa anga. Huko Ulaya kaskazini hutambaa chini, karibu na upeo.

Kuna kazi moja ya galaksi ambayo Kariandusi inaionyesha kuliko mahali pengi ninapopafahamu. Kando ya eneo la mashoka pana machimbo ya diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi unaoacha unga vidoleni. Uliundwa na magamba ya viumbe vidogo mno vya majini, diatomu, vilivyoishi katika ziwa la kale, vikafa na kurundikana chini. Magamba yao ni silika. Obsidiani nayo, nyeusi na nzito, zaidi ya theluthi mbili yake ni silika. Ndani ya silika mna elementi ya silikoni, na silikoni haikuwepo ulimwengu ulipoanza. Hupikwa ndani ya nyota kubwa, zenye uzito unaozidi mara 8 ule wa Jua, kisha hutawanywa nyota hizo zinapolipuka.

Mlipuko ungeweza kutupa kila kitu nje, kikapotea. Uvutano wa galaksi hukizuia. Gesi yenye silikoni, oksijeni na chuma hubaki humo humo, hupoa, hujikusanya na kuzaa nyota mpya na sayari zake. Jua letu na Dunia, vyenye umri wa miaka bilioni 4.6 hivi, vilitokana na gesi iliyokwisha kupita ndani ya nyota nyingine mara nyingi. Basi shoka jeusi na unga mweupe wa pale pale jirani ni zao la kazi moja iliyofanywa na galaksi hii kwa mabilioni ya miaka kabla bonde halijapasuka. Natamani walimu wanaowaleta wanafunzi Kariandusi wawaambie na hili, kwa maana mtoto akilisikia hatalitazama jiwe lile kwa jicho la jana.

Kwamba kuna galaksi nyingine mbali na yetu ni elimu ya juzi tu. Mwanafalaki Mwajemi, al-Sufi, aliiandika Andromeda mwaka 964 kama wingu dogo. Baadaye wasomi walibishana kama wingu hilo limo ndani ya Njia Nyeupe au liko nje. Ufunguo ulipatikana mwaka 1912. Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika chuo cha Harvard, Marekani, alizichunguza nyota 25 za aina ya Sefeidi katika Wingu Dogo la Magellan. Nyota hizo huongezeka mwanga na kufifia kwa zamu. Leavitt akaona kwamba kadiri nyota inavyong'aa kwa kweli, ndivyo zamu zake zinavyochukua muda mrefu. Ukizipima zamu unaujua mng'ao halisi. Ukiulinganisha na mng'ao unaouona, unaupata umbali. Wingu hilo halichomozi kabisa huko Massachusetts, kwa hiyo alitumia picha za vioo zilizopigwa Peru.

Edwin Hubble alipata Sefeidi ndani ya Andromeda mwaka 1923, akatumia kanuni ya Leavitt, na tarehe 1 Januari 1925 matokeo yake yakasomwa mbele ya wanasayansi: Andromeda iko nje, ni galaksi inayojitegemea. Alikadiria umbali wa miaka ya nuru 900,000 hivi. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa muongo huo huo, Louis Leakey na kikosi chake wakayafikia mashoka ya Kariandusi. Muongo mmoja ulifungua milango miwili, wa kina cha anga na wa kina cha historia ya mwanadamu. Hesabu ya Hubble ilikuja kurekebishwa na Walter Baade mwaka 1952, alipogundua kwamba Sefeidi ni za aina mbili, na umbali ukaongezeka maradufu.

Andromeda ilikuwa na fumbo jingine. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mwendo wake, na ikaonekana kwamba sehemu za pembezoni huzunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa uzito wa vitu vinavyoonekana. Kuna kitu kingine kinachovuta, kisichotoa nuru, na wataalamu hukiita maada ya giza. Asili yake haijagunduliwa.

Mwaka huo huo Kenya ilihusika katika utafiti wa galaksi kwa njia ambayo haisimuliwi vya kutosha. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilibeba vifaa vya kunasa eksirei, mionzi ile ile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Eksirei za angani huzuiwa na hewa ya Dunia, kwa hiyo lazima zifuatwe juu. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo peke yake. Miongoni mwa iliyoyaonyesha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yametapakaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, ambayo darubini za kawaida hazikuwa zimeiona. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Nafasi kati ya galaksi ilidhaniwa tupu. Kumbe imejaa, na chombo kilichotuonyesha kiliondokea pwani yetu.

Mbali kuliko Andromeda, jicho halina lake. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imenasa galaksi zilizokuwepo ulimwengu ukiwa na umri wa chini ya miaka milioni 300, ilhali leo una miaka bilioni 13.8. Nuru ya galaksi hizo ilikuwa imekata theluthi mbili ya safari kabla Dunia haijaumbika.

Turudi kwenye kile ambacho jicho linaweza, kwa kuwa lina masharti yake. Nyuma ya jicho, kwenye retina, mna chembe za aina mbili: koni, zinazotumika mchana na kutambua rangi, na vijiti, vinavyofanya kazi gizani. Vijiti vina kemikali ya rodopsini, ambayo huvunjwa na mwanga na huundwa upya kwa kutumia vitamini A. Kazi hiyo huchukua dakika 20 hadi 30, na kuangalia simu mara moja tu huirudisha nyuma. Katikati kabisa ya retina hamna vijiti, ndiyo maana waa hafifu hupotea ukilikazia macho na kurudi ukitazama pembeni yake kidogo.

Anayepapasa jioni wakati wenzake wanaona njia vizuri asilichukulie jambo hilo kuwa la kawaida, hasa akiwa mtoto. Upofu wa usiku ni dalili ya mapema ya upungufu wa vitamini A, na upungufu huo usipotibiwa unaweza kumpofusha kabisa. Apelekwe kituo cha afya. Vitamini hiyo hupatikana kwenye maini, mayai na maziwa, na mwili huitengeneza kutokana na sukuma wiki, mchicha, karoti, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Macho yakiwa tayari, nenda mahali ambapo taa za Gilgil, za Nakuru na za malori hazikufikii, mwanzoni mwa Desemba, saa mbili na nusu usiku, kusiwe na mbalamwezi. Elekea kaskazini. Juu, upande wa kushoto kidogo, pana mraba mkubwa wa nyota nne uitwao kwa jina la kundinyota la Farasi. Kutoka pembe yake ya chini ya kulia, fuata mstari kwenda kulia, pita nyota moja hafifu hadi ya pili inayong'aa, Mirach. Hapo teremka kuelekea upeo huku ukikengeuka kushoto. Waa lenye urefu kuliko upana ndilo Andromeda.

Kisha geuka kusini, upande wa mlima Eburru. Saa hiyo hiyo, chini lakini juu ya mlima, pana kijiwingu kingine, umbali wa miaka ya nuru 200,000: Wingu Dogo la Magellan, lile la Leavitt. Mtu wa London halioni kamwe, na mtu wa Cape Town huiona Andromeda ikiwa chini karibu na upeo. Kariandusi, kilichozaa kanuni na kilichopimwa kwayo huonekana usiku mmoja, kwa kugeuza shingo.