Muziki wa Klasiki Una Masikio Yake Eastlands

Eastlands, Nairobi, wengi huuhesabu muziki wa klasiki kuwa starehe ya watu wa mitaa ya kitajiri ya Karen na Muthaiga, kitu cha kusikilizwa ukumbini kwa suti na kimya. Yanayotendeka mitaani yanasema vingine. Korogocho, kando ya jaa la taka la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umewafunza watoto vayolini, selo na tarumbeta kwa zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi hautoki kwa wapigaji hao wachache, bali kwa kwaya. Kutoka Makadara hadi Kayole, kwaya za sauti nne ni jambo la kawaida makanisani, na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limepitisha vizazi vya wanafunzi katika mashindano ya kuimba. Aliyewahi kuimba alto, au hata kukaa kwenye benchi akisikia besi ikiijibu soprano, ameshajifunza jambo kuu linalodaiwa na muziki huu, yaani kufuata sauti kadhaa kwa mpigo mmoja. Anayetaka kuuonja basi asijione mgeni. Aanzie pale masikio yake yalipofikia.

Pa kuanzia panapofaa ni Haleluya ya Handel, kutoka kazi yake ya mwaka 1741 iitwayo Messiah. Ni ya dakika nne hivi, na wanakwaya wengi wanaijua. Safari hii isikilize ukiwa na swali: nani anaingia lini? Kuna mahali sauti zote hutamka pamoja, kuna mahali kila moja huingia kwa zamu na maneno yale yale, na kuna mahali soprano hushikilia noti ndefu zinazopanda huku sauti za chini zikipiga vigelegele. Ukishazoea hilo, sikiliza Simfonia ya Tano ya Beethoven, ya mwaka 1808, ambayo haina mwimbaji. Inafunguliwa kwa noti nne, tatu fupi na moja ndefu. Zifuate noti hizo tu, uone zinavyopokezanwa na vyombo, zinavyonong’onwa, kisha zinavyorudi kwa kishindo. Trombone hukaa kimya hadi sehemu ya nne, ya mwisho, na ndiyo maana sehemu hiyo inapoanza sauti hupanuka ghafla. Asiyejua kusoma noti hata moja ataisikia tofauti hiyo.

Wapo watakaosema kazi hizi ni ndefu mno. Lakini mashabiki wa rumba hawakuchoshwa na Mario ya Franco na TPOK Jazz, wimbo wa zaidi ya dakika kumi. Waliingoja sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, kwa hamu kwa sababu walijua inakuja. Urefu humchosha asiyejua angoje nini, na dawa yake ni kurudia. Sehemu moja ikisikilizwa mara tano inafaa kuliko simfonia nzima iliyosikilizwa mara moja. Kizuizi cha kweli ni kelele. Okestra hushuka hadi mnong’ono kabla ya kupanda, na ule mnong’ono haupenyi ndani ya matatu wala kwenye spika ya simu. Tumia visikizi, usiku mtaa ukitulia.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa mwaka 1944, enzi ambazo Waafrika wa Nairobi walitengewa mitaa kama Kaloleni na Shauri Moyo, na muziki huu ulitumika kama kipimo cha ustaarabu. Hilo halifai kusahaulika. Hata hivyo, kosa lilikuwa la waliokishika kipimo hicho, si la noti. Gitaa nalo lilitoka ng’ambo, na leo hakuna anayeiita benga muziki wa kigeni. Wimbo wa taifa wetu wenyewe ulitokana na bembelezi ya Wapokomo, ikapangwa upya kwa kuimbwa na kupigwa na bendi, bila asili yake kupotea. Kumsikiliza Beethoven hakumfukuzi D.O. Misiani wa benga. Sikio lililozoea kufuatilia vayolini litayasikia vizuri zaidi magitaa ya benga yakijibizana. Kwa hiyo msikilizaji wa Umoja au Dandora hahitaji ruhusa ya mtu wala cheti. Achague kipande kimoja kifupi, akirudie, kisha aamue mwenyewe kama kinampendeza. Kisipompendeza, atakuwa amekikataa kwa kukijua.