Kidonge cha Presha na Kijia cha Kalsiamu

Katika maduka ya dawa ya Kibuli, kama kwingineko mjini Kampala, mgonjwa wa shinikizo la damu mara nyingi hupewa kidonge kiitwacho amlodipini. Jinsi kidonge hicho kinavyofanya kazi ni jambo linalostahili kuelezwa kwa wananchi.

Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, nayo hukaza pale kalsiamu inapopenya ndani ya seli zake kwa kupitia vijia vidogo mno vya protini. Mshipa ukikaza, damu hupita kwa shida na presha hupanda. Dawa hii huvizuia vijia hivyo.

Asikiaye neno kuzuia atadhani dawa huziba tundu kama kizibo cha chupa. Sivyo. Wataalamu kwa muda mrefu walijenga mifano ya kijia hicho kwa kompyuta, atomu kwa atomu, wakijaribu molekuli ya dawa huku na huku ili kuona inashika wapi. Lakini umbo halisi la kijia lilikuwa halijapatikana, na mfano wa kompyuta hauwezi kupita ukweli wa umbo uliojengewa. Mwaka 2016 kundi la William Catterall wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, lilichapisha picha za eksirei za kijia cha bakteria kilichorekebishwa. Verapamili, dawa ya jamii hiyo hiyo, ilikuwa katikati ya tundu, kizibo hasa. Amlodipini ilikuwa imejibana ubavuni, upande wa mafuta ya utando wa seli, ikilipotosha tundu lote kutoka nje. Na dawa hiyo ilikuwa ikimezwa tangu miaka ya 1990!

Hata hivyo, picha haipimi presha ya mtu. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, wa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Uganda ikiwamo, ulionyesha kuwa michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha zaidi ya mchanganyiko usio nayo.

Dawa hii haikitengenezi kijia upya. Hukishikilia tu maadamu imo mwilini, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila saa 30 hadi 50. Anayeacha vidonge kwa sababu kichwa hakimwumi tena, baada ya wiki moja au mbili vijia vyake hufunguka kama zamani, na huenda asisikie maumivu yoyote.