Nywele zikinyonyoka, tafuta chanzo kabla ya kununua mafuta

KWA wanawake wengi, siku ya kwanza ya kuona nywele zimebaki kwenye kitana kwa mafungu huwa siku ya hofu. Kinachofuata aghalabu ni siri. Mhusika hujifunga kitambaa au hununua wigi, kisha huanza kuhangaika kutoka duka moja la vipodozi hadi jingine, akijaribu kila mafuta anayotajiwa.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba kunyonyoka kwa nywele si ugonjwa mmoja. Ni dalili yenye vyanzo vingi, na kinachomfaa mmoja huenda kikampotezea mwenzake muda tu. Katika baadhi ya hali hizi, muda una thamani kuliko dawa yenyewe.

Kichwa cha binadamu kina nywele zipatazo 100,000, na ni kawaida kupoteza kati ya 50 na 100 kila siku. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa takriban miezi mitatu, kisha huanguka na kuupisha mwingine. Mwili unapopata mshtuko mkubwa, kama vile kujifungua, homa kali, upasuaji au msiba, nywele nyingi huingia katika mapumziko hayo kwa pamoja. Ndiyo sababu mama aliyejifungua hushangaa kuona nywele zikianguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati ambapo amekwisha kupata nguvu. Wengi waliougua Covid-19 kuanzia mwaka wa 2020 walipatwa na jambo hilo hilo. Kwa kawaida nywele hizi hurudi zenyewe. Mama huyo ahitaji lishe, usingizi na mtu wa kumtuliza wasiwasi, wala si chupa ya maelfu ya pesa.

Nywele zinazovutwa ni jambo jingine kabisa. Madhara ya kuvutwa yalielezwa na daktari mwaka wa 1907 miongoni mwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzikaza mno. Huku kwetu kinachovuta ni rasta nzito, mistari iliyobanwa na nywele bandia zinazoshonewa juu yake. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kuwa takriban thuluthi moja ya wanawake waliochunguzwa walikuwa na madhara hayo.

Onyo la kwanza ni maumivu. Si ajabu mwanamke kutoka saluni akiwa hawezi kulaza kichwa kwenye mto, akameza dawa ya kutuliza maumivu na kuhesabu hilo kuwa gharama ya urembo. Baadaye hutokea vipele vidogo kandokando ya paji la uso, kisha nywele za hapo hupungua. Akifumua katika hatua hii na kuachana na misuko ya kukaza, zina nafasi nzuri ya kuota tena. Akiendelea kwa miaka, mashina hugeuka kovu, na kovu haliotishi unywele hata likipakwa mafuta ya nyonyo kila usiku. Walio katika hatari zaidi ni wanaosuka nywele zilizokwisha kulainishwa kwa kemikali.

Upo pia upara unaoanzia utosini na kuenea pande zote polepole, pengine ukiandamana na mwasho au hisia ya kuchomeka. Kwa muda mrefu lawama zote zilielekezwa kwa kitana cha moto. Mwaka wa 2019, hata hivyo, watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele. Msichana ambaye mamake au shangazi yake amepungukiwa na nywele utosini ana sababu ya kumwona daktari wa ngozi mapema, kwani upara huu nao huacha kovu.

Lishe nayo ina sehemu yake. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi anaweza kupungukiwa na madini ya chuma, na nywele zikaathirika. Maini, omena, ndengu, maharagwe na mboga kama terere husaidia, hasa zikiliwa pamoja na chungwa. Chai inayonywewa wakati wa mlo huzuia mwili kufyonza madini hayo, hivyo ni heri isubiri kidogo. Vidonge vya vitamini si vya kumezwa kiholela. Vitamini A ikizidi, yenyewe hunyonyoa nywele, na mwaka wa 2017 wadhibiti wa dawa nchini Marekani walionya kuwa bayotini, inayouzwa sana kama dawa ya nywele, inaweza kupotosha matokeo ya vipimo vya maabara.

Je, mafuta ya mimea ni bure kabisa? La. Katika jaribio lililofanywa nchini Scotland na kuchapishwa mwaka wa 1998, watu wenye upara wa mabaka walisugua kichwani mchanganyiko wa mafuta ya mimea, yakiwemo ya rosimari na lavenda, kila siku kwa miezi saba. Asilimia 44 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliotumia mafuta yasiyo na viungo hivyo. Lakini hao walikuwa na upara wa mabaka, ambao huacha mashina yakiwa hai. Matokeo hayo hayamhusu mwenye kovu.

Anayekwenda kliniki afumue misuko kwanza ili ngozi ya kichwa ionekane. Ataje dawa anazomeza, mimba, maradhi ya karibuni na misiba, hata kama haoni uhusiano wake na nywele. Anaweza kuomba apimwe damu, kiwango cha madini ya chuma na tezi ya shingoni. Kisha apige picha ya sehemu iliyoathirika mara moja kwa mwezi, mahali pamoja penye mwangaza ule ule. Unywele hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwezi, na anayejitazama kiooni kila asubuhi hawezi kuiona tofauti hiyo.