Uvujaji wa Kemikali kutoka Vifaa vya Kuzibia Meno: Hoja kutoka Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Makala haya yanaeleza namna kemikali zinavyovuja kutoka vifaa vya kuzibia meno. Hoja yake ni kwamba, kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, uzito wa suala hili hauko kinywani pekee. Uko pia katika majitaka ya kliniki na katika namna kifaa mbadala kinavyotumiwa.

Amalgamu hutengenezwa kwa kuchanganya zebaki na unga wa fedha, bati na shaba. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Inapoganda, zebaki hufungamana na metali hizo, ila si kikamilifu. Kutafuna, kupiga mswaki na kunywa vinywaji vya moto hutoa mvuke kidogo. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hufyonzwa na mapafu, ukaingia katika damu na kufika kwenye figo na ubongo. Hata hivyo, kiasi kinachotoka kwa kawaida ni mikrogramu chache kwa siku. Majaribio mawili ya watoto yaliyofanyika Marekani na Ureno, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, hayakuonyesha tofauti ya uwezo wa akili kati ya waliozibwa kwa amalgamu na waliozibwa kwa resini. Kwa hiyo kizibo cha zamani kilicho imara hakina sababu ya kuondolewa. Kukikata huzalisha mvuke mwingi zaidi kwa muda.

Kanda ya Ziwa ina vyanzo vingine vya zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita huitumia kunasia dhahabu, kisha huichoma. Utafiti wa Masazumi Harada na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusisha pia zebaki nyingi katika nywele za baadhi ya watu wa eneo hili na matumizi ya sabuni za kung'arisha ngozi. Chembe za amalgamu zinazosukutuliwa na kumwagwa kwenye sinki huongezea mzigo huo. Ndani ya tope, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa ya kimethili, ambayo hujilimbikiza zaidi katika samaki wanaokula samaki wenzao, kama sangara. Kanuni ya kwanza, basi, ni kuzuia chembe hizo kabla hazijaufikia mfereji.

Mkataba wa Minamata ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 wanachama waliamua kwamba amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona ni lazima. Mwaka 2025 walikubaliana kukomesha matumizi yake ifikapo 2034.

Hata hivyo, kubadili kifaa hakukomeshi uvujaji. Resini hugandishwa kwa mwanga wa taa maalumu. Molekuli ambazo hazikuungana huvuja, hasa katika saa na siku za mwanzo. Baadhi huweza kuleta mzio, na baadhi ya resini hutoa bisfenoli A kwa kiasi kidogo sana. Taa dhaifu au tabaka nene kupita kiasi huongeza uvujaji huo. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaweza, kwa nia njema, kubadilisha tatizo moja kwa jingine.

Saruji ya glasi ayonoma ya kawaida huganda bila taa, na inachovuja ni pamoja na floridi, inayosaidia kulinda jino. Mbinu ya kusafisha jino bovu kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila umeme iliasisiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na saruji hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kifaa chake kikuu. Udhaifu wake ni kulika mapema katika matundu mapana ya magego.

Kwa muhtasari, usalama wa mgonjwa na wa ziwa hauamuliwi na jina la kifaa. Unahitaji mambo matatu kwa pamoja: chujio la mabaki ya amalgamu, upimaji wa nguvu ya taa za resini, na uchaguzi wa kifaa unaolingana na umri wa mgonjwa, ukubwa wa tundu na hali halisi ya kituo.